Kuchakaa kwa Miamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nairobi

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi wa jiografia, mafundi wa ujenzi, wakulima wa pembezoni mwa jiji na wanunuzi wa viwanja huuliza kuhusu jinsi miamba inavyovunjika na kuoza hadi ikawa udongo. Mifano mingi imetoka Nairobi na maeneo yanayoizunguka. Jiji hili limekaa juu ya matabaka ya lava na majivu ya volkano yaliyotoka upande wa Bonde la Ufa, na matatizo mengi ya misingi ya nyumba, ya visima na ya mashamba ya hapa yana mizizi yake katika namna miamba hiyo ilivyochakaa.

Kuchakaa kwa miamba ni nini, na kunatofautianaje na mmomonyoko?

Kuchakaa ni kupasuka, kulegea au kubadilika kwa mwamba palepale ulipo, bila kuhamishwa. Mmomonyoko huanza pale ambapo maji, upepo, barafu au uzito wa mteremko unapobeba kile kilicholegea na kukipeleka kwingine. Mto Athi unapofurika wakati wa masika na maji yake kugeuka rangi ya udongo, huo ni mmomonyoko: mto unasafirisha mashapo hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi, ambako mto huohuo huitwa Sabaki. Lakini mashapo hayo yalikuwa yamekwisha kutayarishwa kwa maelfu ya miaka juu ya miinuko, na kama mwamba usingechakaa kwanza, mto ungekuwa na kidogo sana cha kubeba.

Kuna aina ngapi za kuchakaa?

Kuna mbili kuu. Kuchakaa kimakanika huvunja mwamba vipande vidogo bila kubadilisha madini yaliyo ndani yake, ilhali kuchakaa kikemikali hubadilisha madini yenyewe na kuunda mengine. Vitabu vingi huongeza aina ya tatu, ya kibiolojia. Kwa maoni yangu nyongeza hiyo huwachanganya wanafunzi bila sababu, kwa kuwa mzizi wa mti wa mgumo unaopenya kwenye ufa wa mwamba katika Msitu wa Karura unafanya kazi ya kimakanika, na asidi zinazotolewa na mizizi hiyohiyo pamoja na majani yaliyooza zinafanya kazi ya kikemikali. Viumbe hai hutumia njia hizohizo mbili. Katika mtihani, hata hivyo, mwanafunzi aandike aina tatu ikiwa ndivyo alivyofundishwa.

La muhimu zaidi ni kutambua kwamba aina hizi husaidiana. Mwamba unapopasuka vipande, eneo la nyuso zake linalokutana na maji na hewa huongezeka, na hivyo kemikali hupata mahali pengi pa kushambulia. Na madini yanapooza na kulegea, mwamba hupasuka kwa urahisi zaidi.

Nairobi hakuna barafu. Miamba ya huku huvunjikaje kimakanika?

Ni kweli kwamba njia inayotajwa kwanza katika vitabu, ya maji kuganda ndani ya nyufa, haina nafasi jijini. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamebanwa ndani ya ufa husukuma kuta zake kwa nguvu kubwa. Anayetaka kuliona hilo hahitaji kwenda Ulaya. Karibu na vilele vya Mlima Kenya baridi hushuka chini ya nyuzi sufuri usiku mwingi na kupanda tena mchana, mwaka mzima, kwa hiyo kuganda na kuyeyuka hujirudia siku baada ya siku. Vifusi vya mawe yenye ncha kali ambavyo wapandaji huvikanyaga wakielekea Point Lenana, penye mwinuko wa mita 4,985, ni zao la kazi hiyo.

Karibu na jiji zipo njia nyingine. Kilima cha Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, ni mwamba wa kale uliokuwa umefunikwa na matabaka mazito ya miamba mingine. Matabaka hayo yalipoondolewa na mmomonyoko, mgandamizo ulipungua, mwamba ukatanuka kuelekea juu, na nyufa zikatokea sambamba na uso wake. Ndiyo maana katika vilima vya namna hiyo utaona mabamba makubwa yaliyobanduka, mengine yakiwa yamelala mteremkoni.

Chumvi nayo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Maji yenye chumvi yakiingia katika vitundu vya jiwe kisha yakakauka, fuwele za chumvi hukua na kusukuma chembe za jiwe zitengane. Hali hiyo huonekana sehemu kame kama Magadi, na pia pwani, ambako mawe ya matumbawe ya majengo ya kale kama Ngome ya Yesu, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593, hupigwa na upepo wa bahari wenye chumvi.

Je, jua la mchana na baridi ya usiku vinatosha kupasua jiwe?

Jibu fupi la shuleni ni ndiyo, lakini ukweli una kina zaidi. Mwaka 1936, mtafiti wa Marekani aitwaye David Griggs alipasha moto na kupoza kipande cha itale (graniti) mara nyingi kiasi cha kulingana na mabadiliko ya joto ya usiku na mchana kwa miaka 244. Jiwe likiwa kavu, hakuona badiliko la maana. Alipolipoza kwa maji, dalili za kuchakaa zilijitokeza baada ya muda mfupi zaidi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba joto la jua linaweza kuanzisha na kurefusha nyufa ndogo katika mawe, kwa hiyo si haki kulifuta kabisa, ila hata unyevu kidogo huharakisha kazi hiyo.

Moto mkali ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wavunja mawe huwasha moto juu ya mwamba, na wakati mwingine humwagia maji ukiwa bado na joto, ukapasuka. Tofauti kubwa ya joto ndani ya muda mfupi hufanya uso utanuke au usinyae kabla sehemu ya ndani haijafuata.

Maji ya mvua yanaozeshaje jiwe?

Mvua safi ina asidi kidogo tayari. Matone yake huyeyusha kaboni dayoksaidi iliyo hewani na kutengeneza asidi hafifu ya kaboni, hivyo kipimo cha pH cha mvua isiyochafuliwa huwa karibu 5.6 badala ya 7. Maji hayo yakipenya kwenye udongo wenye mizizi na vijidudu huongezewa kaboni dayoksaidi zaidi, na yanapoufikia mwamba huwa na makali kuliko yalipoanguka.

Ndani ya miamba ya Nairobi madini mengi ni feldispa, yaani kundi la madini yenye alumini na silika (muungano wa silikoni na oksijeni). Maji yenye asidi huingia katika muundo wa feldispa, huondoa sodiamu, potasiamu na kalsiamu pamoja na sehemu ya silika, na kuacha madini ya mfinyanzi. Madini yenye chuma, kwa upande wake, hukutana na oksijeni na kupata kutu, na hapo ndipo rangi nyekundu, ya kahawia au ya manjano inapotoka. Mawe ya chokaa hufuata njia tofauti: huyeyuka na kuchukuliwa na maji, na ndiyo sababu pwani ya kusini, huko Shimoni, kuna mapango ndani ya mwamba wa matumbawe.

Chukua jiwe la fonolaiti, aina ya lava iliyoganda inayopatikana Nairobi, ambalo limekaa shambani muda mrefu ulivunje kwa nyundo. Nje utaona ukoko hafifu wa rangi ya kijivu iliyopauka au kahawia, mara nyingine unene wake ni milimita chache tu, na unakwaruzika kwa msumari. Ndani jiwe ni la kijivu kilichokolea, gumu, na msumari hauliumizi. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio mahali ambapo uozo umefikia. Mwashi mzoefu hutambua tofauti hiyo hata kwa sikio, kwa kuwa jiwe zima likigongwa hutoa mlio mkali na lililooza hutoa mlio mzito uliokufa.

Kwa nini mchanga wa kujengea Nairobi huletwa kutoka Machakos, Makueni na Kitui?

Hili ni miongoni mwa maswali ninayoyapenda zaidi, kwa sababu mafundi wengi hununua lori la mchanga kila wiki bila kuambiwa kwamba jibu lake ni la jiolojia.

Mwaka 1938 Samuel Goldich aliyapanga madini kwa jinsi yanavyostahimili kuchakaa. Olivini huoza mapema, feldispa hufuata kwa viwango mbalimbali, na kwatzi, madini magumu ya silika tupu, hubaki karibu na mwisho kabisa, kwani maji ya mvua hayaiwezi kwa urahisi. Mchanga mgumu wa mtoni kwa sehemu kubwa ni chembe za kwatzi zilizobaki baada ya mengine yote kuoza.

Sasa linganisha miamba. Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, kuna miamba ya kale ya itale na ya naisi (mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo), yenye kwatzi kwa wingi. Ikichakaa, feldispa hugeuka mfinyanzi unaochukuliwa na maji, na kwatzi hukusanyika katika mito ya msimu. Nairobi imekaa juu ya fonolaiti na trakaiti, ambayo nayo ni mwamba wa volkano. Fonolaiti haina kwatzi, na trakaiti ina kidogo sana ikiwa ipo. Miamba hii inapooza hugeuka karibu yote kuwa mfinyanzi, na mito ya jiji haina cha kukusanya. Tunapata kokoto na mawe ya kujengea kutoka matimbo ya Njiru, Mlolongo na Ndarugo, lakini mchanga mzuri hatuna budi kuufuata mashariki. Hilo lina gharama yake: mito ya Ukambani inayochotwa mchanga kupita kiasi hupoteza maji yaliyokuwa yakihifadhiwa ndani ya mchanga huo, na wenyeji hubaki wakichimba visima virefu zaidi kila kiangazi.

Kwa nini Kabete udongo ni mwekundu na Embakasi ni mweusi, ilhali miamba ni ya volkano pande zote mbili?

Tofauti kubwa iko katika mahali maji yanapokwenda baada ya mvua kunyesha. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Karen, Kabete na Kikuyu hadi Limuru, ardhi imeinuka na ina miteremko, mvua ni nyingi zaidi, na maji hupenya kwa uhuru kisha yakaondoka. Yanapoondoka huchukua kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na silika nyingi. Kinachobaki ni mfinyanzi wa aina ya kaolini, ambao hautanuki sana ukilowa, pamoja na oksaidi za chuma zinazoupaka rangi nyekundu. Kwa sababu maji huingia ndani bila kizuizi, uozo nao hushuka chini sana, na udongo mwekundu unaweza kuwa na kina cha mita nyingi kabla ya kugusa mwamba. Wakulima wa kahawa na chai wamenufaika na kina hicho, ingawa udongo huu una asidi na chuma chake hushikilia fosforasi, hivyo mbolea peke yake bila chokaa ya shambani huenda isifanye kazi iliyokusudiwa.

Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Syokimau, Kitengela na tambarare za Athi, ardhi ni bapa na mvua ni chache. Maji husimama, kisha hukauka palepale, na yale madini yaliyoyeyushwa hayaendi popote. Katika mazingira hayo huundwa mfinyanzi wa aina ya monmorilonaiti, ambao hunyonya maji kati ya matabaka yake na kutanuka, halafu husinyaa ukikauka. Weusi wake usimdanganye mtu akadhani umejaa mboji. Mara nyingi mboji yake ni ya kiasi tu.

Nimenunua kiwanja kwenye udongo mweusi. Nifanye nini?

Kwanza, kitazame wakati wa kiangazi. Nyufa pana ardhini, nguzo za ua zilizoinama, na nyufa za kukingama kwenye kuta za majirani, hasa zinazoanzia pembe za madirisha na milango, ni ushahidi kwamba ardhi hiyo inapanda na kushuka kufuata majira. Kisha chimba shimo la majaribio ujue mwamba au tabaka gumu liko kina gani, na umlipe mhandisi aupime udongo kabla fundi hajachora mstari wa msingi. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta.

Utaratibu wa kawaida ni kuondoa udongo mweusi wote chini ya nyumba hadi kufikia tabaka gumu, kujaza mawe na moramu iliyoshindiliwa, na kuhakikisha maji ya paa na ya mifereji hayatuami karibu na kuta. Watu hulisahau hili la mwisho, nami nalisisitiza: msingi mzuri unaweza kuharibiwa na bomba linalovuja upande mmoja wa nyumba, kwa kuwa udongo wa upande huo utatanuka na wa upande wa pili utabaki mkavu.

Mawe ya mviringo yanayoonekana kwenye kingo za barabara zilizochimbwa yalitengenezwa na nini?

Yalitengenezwa palepale. Lava inapopoa husinyaa na kupata nyufa zinazoigawa mapande yenye pembe. Maji hupita katika nyufa hizo na kuozesha mapande kutoka nje kuelekea ndani. Kwenye pembe hushambulia kutoka pande tatu kwa pamoja, kwenye kingo pande mbili, na katikati ya uso upande mmoja tu. Pembe hutangulia kuisha, na kila kipande cha mwamba hubaki na kiini cha mviringo kilichozungukwa na matabaka yanayobanduka mithili ya maganda ya kitunguu. Wanaodhani mawe hayo yaliviringishwa na mto wa kale watazame kama maganda bado yameyakumbatia. Kama yapo, jiwe halikuhama.

Kuchakaa kwa miamba kunahusianaje na meno ya kahawia na maji ya kisima?

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na Nairobi ina floraidi ndani ya madini yake. Maji ya ardhini yanapokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo huyaozesha madini polepole na kuyeyusha floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisichopaswa kuzidishwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi vimepatikana kuwa juu ya hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanaundwa hupata madoa yasiyofutika, na kwa viwango vikubwa zaidi kwa miaka mingi mifupa pia huathirika. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Anayechimba kisima aidai ripoti ya maabara kabla ya kuwanywesha watoto maji hayo, na ikiwa kiwango kimezidi, atumie kichujio kinachofaa, kwa mfano cha mkaa wa mifupa, au ayachanganye na maji ya chanzo kingine.

Magadi ambayo wapishi hutia kwenye maharagwe ili yaive haraka yana asili inayofanana na hiyo. Sodiamu iliyooshwa kutoka kwenye lava husafiri na maji hadi chini ya bonde, nayo maji yasiyo na mahali pa kutokea hukaushwa na jua katika Ziwa Magadi na kuacha magadi.

Je, majengo ya mawe na ya saruji huchakaa vilevile?

Naam. Mawe ya volkano hustahimili asidi ya mvua kuliko mawe ya chokaa, na majengo ya zamani kama Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, bado yamesimama imara. Mawe laini yaliyotokana na majivu ya volkano hunyonya maji zaidi, kwa hiyo yakitumika chini ya usawa wa ardhi bila kizuizi cha unyevu huanza kumeguka unga karibu na sakafu. Saruji hushambuliwa na kaboni dayoksaidi ya hewani, ambayo kidogokidogo huondoa ulinzi uliokuwa ukiikinga nondo. Nondo ikipata kutu hujaa kuliko ilivyokuwa na kupasua zege kutoka ndani. Madoa ya kutu kwenye mihimili ya ghorofa si suala la kupakwa rangi.

Huchukua muda gani mwamba kuwa udongo?

Hakuna jibu moja. Kasi hutegemea aina ya mwamba, wingi wa mvua, joto, mteremko na mimea. Lava ya fonolaiti ya Kapiti, kusini-mashariki mwa jiji, ina umri wa takriban miaka milioni 13, na bado utakuta mwamba mgumu chini ya udongo usio na kina kirefu, ilhali miamba michanga zaidi upande wa Kabete imeoza hadi kina kirefu. Umri peke yake hauamui.

Wanafunzi wanaweza kujionea jambo hili bila maabara?

Wanaweza, na ningependa kila darasa lifanye hivyo. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela au Athi River huwa kuna vijiwe vidogo vyeupe. Ni chokaa iliyoganda kutokana na kalsiamu iliyokosa njia ya kuondoka. Saga kimoja kiwe unga, weka kwenye sahani, dondoshea siki, nawe utaona mapovu yakitoka: ni kaboni dayoksaidi. Fanya vivyo hivyo kwa kokoto iliyosagwa na kwa mchanga wa Machakos uliooshwa vizuri. Havitatoa mapovu. Kisha tia donge kavu la udongo mweusi ndani ya gilasi moja na donge la udongo mwekundu ndani ya nyingine, uweke alama ya urefu wa kila donge, uongeze maji taratibu, na uyaache hadi kesho yake. Pima tena. Acha yakauke kabisa kwa siku kadhaa juani, upime mara ya tatu, na uandike vipimo vyote katika jedwali kabla ya mwalimu kueleza lolote.